Kinga Maradufu kwa Dada

Jumatatu, 3 Machi
Nimemtembelea dada. Vidole vimevimba tena, ugonjwa wake ule ule wa kinga. Shemeji anampangia vidonge kwenye kisanduku cha siku saba, na ukoo mzima unamsifu utadhani kavitengeneza yeye. Mimi, ndugu wa tumbo moja, nashukuriwa tu kwa ndizi nilizoleta. Basi! Ninao unga ninaouza, Kinga Maradufu. Kinga yake inaumwa, nitaitia nguvu. Vijiko viwili kwenye chai yake, kimyakimya. Akipona nitatangaza.

Alhamisi, 6 Machi
Vijiko vinne. Magoti nayo yamevimba. Nimejiambia dawa imeanza kazi.

Jumamosi, 8 Machi
Dada kalazwa. Figo zinasumbua. Daktari kamuuliza shemeji kama aliruka vidonge. Kaapa hakuruka hata kimoja. Mimi nikatazama dari.

Daktari akatueleza. Chembe B za damu hutengeneza silaha dhidi ya vijidudu, ila nyingine huzaliwa zikiuona mwili wenyewe kuwa adui. Mwili huzikagua mapema, ndani ya uboho wa mifupa. Zenye kosa hupewa nafasi ya kubadilika, zikishindwa, huuawa. Zinazoponyoka hulazwa usingizi, au hunyimwa ruhusa ya kushambulia. Kwa dada, ulinzi huo umelegea. Vidonge ndivyo vinavyozituliza.

Kisha akauliza kama kuna aliyempa kitu cha kuongeza kinga. Shemeji alikuwa ameinama, analia, akidhani kosa ni lake. Nikasema sijui. Aibu gani hii!

Jumapili, 9 Machi
Nimempelekea daktari mkebe wa unga, nikakiri. Akasoma lebo mara mbili. Akasema huenda ndio uliochochea, huenda sio, lakini ningesema jana wangejua pa kuanzia. Dada hakunigombeza. Aliuliza tu kwa nini sikumwambia, maana kikombe kilikuwa chake. Nilitamani ardhi inimeze. Shemeji akanipisha kiti. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Ijumaa, 14 Machi
Dada karudi nyumbani, ana nafuu. Unga wote nimeutupa chooni. Nimeapa.

Halafu nikayatafakari maneno ya daktari. Kulazwa usingizi! Kumbe kosa langu lilikuwa kuziamsha chembe hizo. Yapo majani fulani, mteja wangu mmoja akinywa husinzia hapo hapo kwenye benchi. Kesho nampelekea dada. Ila mambo ya siri basi, nimejifunza. Nitamwambia akishamaliza kikombe.