Masanduku Yanayotumalizia Ukoo

Lorica, 9 Desemba

Kwa Dada Nubia, Msimamizi Mkuu wa Sikukuu za Ukoo, nyumba ya pili kutoka kwangu.

Dada mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia badala ya kuja kwa miguu kwa sababu ukiniona unacheka, na jambo hili si la kucheka. Naomba kwa madaraka yako upige marufuku mbio za sanduku za mwaka mpya, kabla Yurleidis, kitinda mimba wako na mpwa pekee niliyebakiwa naye, hajakimbia. Sababu ni hizi:

1. Enzi za marehemu baba, saa sita ya usiku wa mwaka mpya ikigonga, mtu alibeba sanduku tupu, akazunguka mtaa mara moja, polepole, akiomba mwaka wa safari, kisha akarudi kula. Na hakuna aliyefika mbali kuliko Barranquilla, hapa hapa Kolombia. Hiyo ndiyo mila! Siku hizi wanavaa raba na kupasha misuli.

2. Tena siku hizi inafanya kazi. Mwanao Evelio alizunguka mara mbili, Pasaka ikamkuta Chile. Dada yetu Tulia, maskini, alitoka tu saa sita hiyo na mfuko kutupa taka. Mwezi wa tatu yuko Panama.

3. Mwaka jana tulipika pasteli sitini, wali uliofungwa kwenye majani ya mgomba, tukaketi mezani watu watatu. Nimekula pasteli mpaka Februari. Hata mbwa alianza kunikwepa.

4. Walioondoka nao hawatosheki. Wewe mwenyewe, na goti lako hilo, ulikimbia na sanduku kwa niaba ya Evelio, ambaye sasa anataka Kanada, mimi nyuma nimeshika simu, naye anapiga kelele kutoka huko Chile: "Mama, kaza mwendo! Mjomba, usikate kona, Kanada hawataki ujanja!"

Mimi si mshamba, Dada. Nimesoma mpaka darasa la nne na nusu. Nimepika melini, bandari ya Kolon wananijua, Kurasao wapo wanaonililia hadi leo. Dunia nimeiona yote: maji ya chumvi na kahawa mbaya.

5. Kama kupiga marufuku ni kugumu, basi tukimbie kinyumenyume, ili warudi. Nilijaribu Oktoba. Kesho yake akarudi mume wa Tulia, ambaye hakuna aliyemwomba. Kwa hiyo dawa ipo, tatizo ni kulenga.

6. Juzi Yurleidis kaniambia, "Mjomba, nikienda nitakupigia kila Jumapili." Jumapili! Mtoto anayeingia kwangu kila asubuhi bila hodi, akaninywea kahawa, akaniita kifaa cha makumbusho!

Wasalimie wote waliobaki, yaani yeye na wewe. Mume wa Tulia msalimie kidogo.

Mdogo wako mtiifu,
Eustorgio, Baharia Mstaafu

N.B. Jana nililiiba sanduku la Yurleidis ili nilifiche. Nikakuta gurudumu moja limekwama, linavuta kushoto. Nimelitia grisi, sasa linateleza kama kambale. Nimekuletea pamoja na barua hii; mrudishie, usimwambie ni mimi. Na apitie upande wa kanisa, kuna lami. Upande wa soko ni mashimo matupu. Nimeupima mtaa mwenyewe, mara mbili, nikilivuta.