Kampeni Yangu ya Unyoya

Jumatatu, 3 Machi

Vita vimeanza. Mkutubi ametangaza kuwa kompyuta zote kumi na mbili za chumba cha mafunzo hapa maktabani zitawekewa sura moja tu ya skrini, yaani programu moja ya kupanga madirisha na vitufe. Wiki hii sita zina Unyoya na sita zina Tausi, ili wanafunzi wapya waonje. Ijumaa watapiga kura. Watu wasiojua hata kuzima kompyuta!

Zote mbili ni programu huria, kazi ya watu wanaojitolea. Ila Unyoya ni nyepesi, na mimi ndiye niliyeileta hapa miaka sita iliyopita. Tausi ni mapambo matupu. Anayeitetea ni mwalimu mwenzangu, ninayemwita Miwani, aliyehamia mwezi uliopita. Atakayeshinda ndiye atakayeshika darasa.

Leo Miwani amenisalimu kwa adabu sana. Mtu hasalimu hivyo bure.

Na kati ya wanafunzi, nani? Mama mkwe wangu! Hakuniambia kwamba amejiandikisha. Kwa nini?

Jumanne, 4 Machi

Nimegawa kijitabu changu: Sababu Arobaini na Moja za Kuchagua Unyoya. Kurasa thelathini na nane. Mwanafunzi mmoja, fundi saa, mzee mwenye vidole vyembamba, alikipima mkononi. Akauliza: kama kitu chenyewe ni chepesi, mbona maelezo yake mazito?

Wote wakaangua kicheko. Mama mkwe hakucheka. Alikuwa akiandika kitu kwenye kikaratasi. Nilipokaribia, akakitumbukiza kwenye mkoba.

Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumatano, 5 Machi

Mpango wa pili. Niliwahi saa moja asubuhi, kabla ya mtu yeyote, nikapunguza maandishi kwenye zile kompyuta za Tausi mpaka yakawa kama sisimizi. Wanafunzi wote wamevuka miaka hamsini na mitano. Nikakaa pembeni nikisubiri kilio.

Mkunga mstaafu akawa wa kwanza kulalamika kwamba haoni kitu. Nikajiandaa kumpa pole. Miwani akaniwahi, akamwonyesha pa kubofya. Mara tatu tu! Maandishi yakaumuka kama unga uliotiwa hamira. Darasa zima likapiga makofi. Kila mmoja akataka kujaribu. Saa nzima wanakuza, wanapunguza, wanakuza tena, wanacheka kama watoto.

Baadaye Miwani akasema amefurahi, somo zuri limejitokeza lenyewe. Lenyewe! Anajua. Au hajui? Kama hajui, basi anaficha nini?

Alhamisi, 6 Machi

Nimewafuma! Mama mkwe na Miwani, kwenye ujia, karibu na tangi la maji ya kunywa. Wananong'ona. Aliponiona, mama mkwe akaanza kusema mvua inakuja. Jua linapasua vichwa!

Kisha akapita meza kwa meza, anainama, anawanong'oneza wenzake. Mimi nilikuwa nyuma ya kabati la vitabu. Sikusikia neno, ila niliona mengi.

Mchana nikamwambia mke wangu kwamba mama yake ni jasusi. Akaniambia nile nikiwa nimenyamaza.

Sikunyamaza. Nimekwenda kwa Mkutubi kudai kanuni mpya: ndugu wa mwalimu asipige kura. Akaniuliza kama nina hakika. Akauliza tena. Nikamjibu kwamba haki haina mkwe. Jibu zuri mno. Njiani nililirudia peke yangu mara kadhaa.

Ijumaa, 7 Machi

Tausi sita. Unyoya tano.

Kura moja! Mkutubi akasema, akikwepa macho yangu, kwamba zingelingana Unyoya ingebaki, maana ndiyo iliyotangulia. Nikaitazama kura iliyokosekana. Ilikuwa imekaa kiti cha nyuma, imepakata mkoba.

Mama mkwe akaniita kando. Akatoa kile kikaratasi. Majina matano, kila moja limewekewa alama.

“Mwanangu,” akasema, “hawa nimewabembeleza siku nne. Kijitabu chako kiliwatia woga, nikawaambia wasikifungue.”

Nikamuuliza, na Miwani je? Kumbe alikuwa akimtaka radhi. Alimwambia Tausi ni nzuri, macho yake yanaipenda, lakini mkwe naye ni mwana. Hata kujiandikisha alijiandikisha ili nisikose mtu wangu darasani.

Nilikosa pa kuuficha uso. Nikaomba radhi. Akanishika bega, akasema yamekwisha, twende nyumbani.

Miwani akaja kunipa mkono. Akaniomba niwe msaidizi wake darasani. Nikakubali. Nililia kidogo chooni.

Jumamosi, 8 Machi

Nimelitafakari jambo hili vizuri.

Mwanamke anayeweza kugeuza watu watano kwa siku nne, nami niko chumba hichohicho na sijui, si wa kuchezea. Na Miwani anataka msaidizi wa nini? Amekwisha kushinda!

Asubuhi mama mkwe amekuja kwetu na kompyuta yake ndogo ya kubeba. Anaomba nimwekee Unyoya. Anasema ameizoea na anaipenda kweli. Na jana tu macho yake yaliipenda Tausi! Akatabasamu. Mke wangu naye akatabasamu. Wote wawili, kwa wakati mmoja.

Nimemwambia aiache mezani, nitaiangalia. Sijaigusa. Kwanza nataka kujua nani kamtuma.