Godoro la Bima

Jumatatu, 6 Aprili 1998
Ukungu wa milima ya Matogoro umeshuka mpaka mlangoni. Nimelala kwenye godoro langu la sponji, la pekee mtaa wetu hapa Mfaranyaki, nikaota nina ofisi. Redioni wanasema siku hizi hata mtu binafsi ruksa kufungua bima. Mimi si mtu? Hospitali ya serikali inatibu wote, sawa. Lakini lile benchi! Bima yangu: unatoa kuku mmoja. Ukiumwa, nakukalia foleni. Ukilazwa, unalalia godoro langu. Mke wangu Lidwina kasema godoro likitoka na yeye anatoka, anakwenda kwa kaka zake Lusewa. Nikacheka. Nani ataumwa?

Jumanne, 7
Kuku tisa! Nimewaambia niliwahi kumvuta tembo wa Namtumbo mkia, malaria itanishinda? Kajetani fundi viatu kaniita daktari wa kuku. Naye kaleta jogoo. Kiwete!

Alhamisi, 9
Balaa. Bibi Lukresia kaja, mzima kabisa, anadai mayai. Kuku wake kataga mawili. Nikasema mayai ya kampuni. Akanijibu, “Baba Oliva, kuku nilikupa, uzazi sikukupa.” Lidwina kacheka mpaka kakaa chini. Wenzake wamesikia. Hawapati mayai? Basi wanaumwa! Wanne mgongo, mmoja ndoto mbaya. Nimeshinda benchini na ndala tano zimepangwa mbele yangu, kila ndala mgonjwa. Muuguzi kauliza wenyewe wako wapi. Nikamwambia wote ni mimi. Mbu wamenila wote watano.

Ijumaa Kuu, 10
Kajetani kaumwa kweli, kalazwa. Anataka godoro. Lidwina yuko Njia ya Msalaba. Nikalifunga kwenye baiskeli, mbio! Kurudi: kitanda kamba tupu. Lidwina hayupo. Kuku hawapo. Nyumba nzima kimya kama ukungu umeingia ndani.

Pasaka, 12
Natetemeka. Malaria. Nimelazwa kitanda kimoja na Kajetani, mzungu wa nne, miguu yake puani kwangu. Kanisogeza ukingoni. Anasema godoro la wenye bima, mimi sina. Dawa lakini tumepewa sawasawa. Nimemlilia Lidwina, nikasingizia moshi.

Jumatano, 15
Lidwina karudi! Kaleta mchuzi. Nikauliza kuku gani. Kumbe yule kiwete. Kajetani kanywa, kausifia. Lidwina kasema turudi nyumbani, godoro litangulie. Nimeapa mbele ya wodi nzima: bima basi!

Nikasinzia. Nikaona ukungu, na ndani yake wanaume wa Mfaranyaki wamepanga foleni, kila mtu na jogoo kwapani. Bima ya kukimbiwa na mke! Akiondoka, mimi naenda kumbembeleza. Nani atakimbiwa?