Uzinduzi wa Friji Lisilopandisha Mita

Mheshimiwa mama yangu mzazi, mgeni rasmi wa shughuli hii na mwenye dawa ya sukari iliyomo katika beseni hilo la barafu mezani. Mheshimiwa mke wangu, waziri wa jiko na mkosoaji wangu wa kudumu. Mheshimiwa dada yangu, uliyekuja kunijulia hali ukajikuta mjumbe. Mheshimiwa jirani yetu fundi cherehani, ambaye lori lake la kuhamia linanguruma hapo nje. Waheshimiwa wapangaji wa vyumba vya uani. Na nyote ambao itifaki imewazingatia ingawa viti havikuwatosha: baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu, aliyeumba joto na baridi bila kumwomba mtu bajeti, nachukua fursa hii adhimu kuzungumza nanyi kupitia kipaza sauti hiki, ambacho waya wake mmeuruka mlipoingia, nilichozawadiwa na wenzangu siku ya kustaafu, nadhani kwa furaha kwamba tangu hapo kingesikika kwingine.

(Dada: “Kaka, sebule yenyewe hatua nne! Tunakusikia hata ukinong’ona.”)

Ndugu wananchi wa nyumba hii, tumekusanyika kuzindua rasmi Mpango Mkakati wa Ubaridi Endelevu wa Kaya, ambao nguzo yake ni friji hili mnaloliona pembeni yangu limevikwa utepe, friji la kisasa lenye stika ya nyota, ambalo muuzaji aliniapia kwamba linadonoa umeme kama kifaranga adonoavyo chenga, nami, kwa wadhifa wangu wa Mwenyekiti wa Kamati ya Nishati, niliojiteua, nikajithibitisha na kujiapisha mbele ya kioo, nikalipokea mwaka jana kwa dua ndefu na kuliingiza katika feizi ya kwanza ya implementesheni.

(Mama: “Mwanangu, barafu inayeyuka.”)

Hoja ya mgeni rasmi imepokelewa na itajibiwa kwa maandishi.

Sasa niingie kwenye takwimu, maana kiongozi asiye na takwimu ni sawa na mwenye kuswali bila udhu. Tangu friji hili liingie humu, halijaipandisha mita yetu hata kwa punje moja ya uniti. Kwa lugha ya kitaalamu, tumepata efishensi ya asilimia mia moja, kiwango ambacho hata waliolitengeneza hawajakifikia, na natarajia siku yoyote watakuja kunisalimu kwa heshima.

(Makofi ya mtu mmoja. Ni msemaji mwenyewe.)

Wapo wanaonong’ona jikoni kwamba Mwenyekiti ni mkono wa birika. Nawajibu kwa upole wa mtu aliyekalia mkeka wa chuo akiwa mdogo: sisi tumefundishwa kwamba Mola hawapendi wafujaji.

(Mama: “Na wabahili je? Huko chuoni walikwambia anawapenda?” Kicheko. Dada amepaliwa na chai.)

Mgeni rasmi amenikumbusha ukurasa ambao, ninapousoma, huwa naugeuza haraka. Naomba niendelee kabla sijaufikia.

(Mke amesimama karibu na friji, anasoma stika kwa sauti: “Mume wangu, hapa wameandika halimalizi hata uniti moja kwa siku. Ile globu yako ya getini, inayomulika kibao cha ‘Mwenyekiti’ usiku kucha, inakula zaidi ya hili!”)

Taarifa hizo, mheshimiwa waziri, ni nyeti, na ninasikitika kwamba ni za kweli. Kamati yangu ilizima feni za wapangaji, ikahesabu mara ambazo pasi ilipashwa moto, ikafanya monitaringi na ivaluesheni hata ya taa ya chooni, mtu akiwa ndani. Globu ya getini haikuguswa, kwa kuwa ilikuwa inamulika jina la kamati. Nyani haoni kundule, ndugu zangu, na nyani mwenye kibao ndio kabisa.

(Fundi cherehani: “Mzee wangu, mimi dereva ananipigia honi. Friji langu limeshapakiwa, na barafu yote niliyokuwa nayo ndiyo hiyo kwenye beseni. Bibi, unisamehe.” Mama: “Wewe nikusamehe nini, mjukuu wangu? Nenda salama.”)

(Mke: “Baba watoto, maji yameshagusa taulo nililofungia dawa.”)

Naona. Na kwa kuwa naona, naruka sura ya ushirikishwaji wa wadau, naruka rodimapu, nakuja kwenye kaulimbiu. Nikisema “Ubaridi,” mnaitikia “Endelevu!” Ubaridi!

(Mama: “Chomeka!”)

Ubaridi!

(Wote: “Chomeka!”)

Basi zimebaki shukrani. Namshukuru fundi cherehani, ambaye friji lake ndilo lililotunza dawa ya mama yangu muda wote huu, kwa umeme wake, bila kibao getini. Namshukuru mke wangu, aliyeifuata dawa hiyo ng’ambo ya barabara kila asubuhi, mvua ikinyesha, huku mimi nikimwombea dua dirishani. Nalishukuru friji lenyewe, ambalo limenihifadhia vitabu vyangu na joho langu pasipo vumbi, na ambalo plagi yake, kama mnavyoiona mkononi mwa mke wangu, bado imo katika nailoni ya dukani. Mpango Mkakati, ndugu zangu, ulikuwa ni kabati. Mungu anisamehe, na mama naye, nikianza na mama.

(Mke amechana nailoni. Anatazama ukutani, anafuata waya kwa macho, anamtazama msemaji.)

Ndiyo, mke wangu. Sebule ina soketi moja, na imekaliwa na kipaza sauti hiki. Lakini nina aya moja tu iliyosalia, nzuri sana, inahusu uongozi unaoacha ala—

(Kipaza sauti kimekatika. Vitabu vinatolewa, chupa za dawa zinaingia. Katika kimya hicho kitu kimeanza kuvuma taratibu pembeni, na Mama anapiga makofi.)