Kiunganishi cha Pete Tatu

Jumatatu, 4 Novemba
Kosa la wengi ni kudhani kwamba vyumba vikiwa vikubwa, nyumba ni bora. Nimelifundisha kosa hili chuoni hadi nikastaafu. Nalieleza tena hapa, maana shajara haina pa kukimbilia. Fuwele tunazotengeneza maabarani ni kama jengo. Metali ni nguzo. Kati ya nguzo na nguzo kuna kiunganishi, kijiti cha kaboni chenye kishikio cha tindikali kila ncha. Katikati hubaki vyumba visivyoonekana kwa jicho, na mvuke wa maji huingia kulala humo. Refusha kijiti, chumba kinapanuka. Kirefushe mno, jengo linaanguka.

Leo nimekirefusha mno.

Sababu ni Bernadeta. Nilimfundisha mimi, sasa ndiye mkuu wa maabara, na mimi naingia kwa hisani yake. Ametengeneza kiunganishi kipya, kifupi, cha pete moja ya kaboni. Ijumaa fuwele zake zinakwenda Igombe, kando ya ziwa, kwenye kabati la kukaushia dagaa la shemeji yangu Rose. Zitanyonya unyevu kabla mvua hazijamwozeshea mzigo mwingine. Kila mtu anamsifu. Pete moja! Changu kina tatu. Nimehangaika nacho tangu masika, na leo zimeshikana!

Jumanne, 5 Novemba
Kiunganishi kiko kwenye chombo, kinapikwa pamoja na alumini. Nyumbani nimeunda mfano wa jengo: vijiti vya mishikaki na matonge ya ugali. Ghorofa ya kwanza, safi. Ya pili, safi. Ya tatu ikalalia bakuli la samaki, sato wa wageni. Wilhelmina, mke wangu, akasema mbele ya wageni kwamba nikigusa tena ugali wake atanihamishia Igombe kwa mdogo wake, nikale dagaa walioota ukungu. Nikamweleza kwamba ugali si alumini. Akasema hata mimi si profesa.

Kweli. Lakini mbele ya wageni?

Jumatano, 6 Novemba
Fuwele! Nyeupe, ndogo, zinameta. Zimebaki kukaushwa tu. Tanuri ni moja, na lina trei ya Bernadeta. Nikaenda kumwomba nafasi. Alisimama, akanipa shikamoo, akanipokea mkoba, akaagiza chai, akasema tutaangalia, Mwalimu.

Hapa kwetu mtu wa umri wake hamwambii mzee hapana. Tutaangalia ndiyo hapana yenyewe. Nalijua hilo maisha yangu yote, nami huwajibu hivyo hivyo wanaoniomba mchango.

Nimeamua kwamba amekubali.

Alhamisi, 7 Novemba
Bernadeta kaenda Igombe kupima kabati. Nikasogeza trei yake kwa adabu, nikaweka yangu. Joto lilikuwa la chini mno, la kuatamia mayai. Najua sababu. Fuwele mpya vyumba vyake vimejaa kimiminika, nacho lazima kitoke polepole. Kikitoka kwa fujo, kuta huvutana na kuanguka. Tena kiunganishi cha Bernadeta hakipendi moto. Nilimfundisha mwenyewe: subira ni nusu ya kemia.

Nikaongeza joto. Kidogo. Halafu kidogo tena.

Nikashuka kwenye maduka ya Mabatini kutafuta chupa nzuri ya kuonyeshea wageni. Kurudi, harufu! Fuwele zangu zimekuwa vumbi lisilo na chumba hata kimoja. Zake zimekuwa kahawia, kama sukari iliyosahaulika jikoni.

Hapakuwa na mtu. Hata hivyo nikasema kwa sauti: umeme huu!

Ijumaa, 8 Novemba
Bernadeta alisimama mbele ya tanuri. Nikamweleza jinsi umeme ulivyopanda na kushuka. Akaitikia kwamba umeme wa hapa kweli una visa. Akatazama kitufe cha joto. Akanitazama mimi. Akaniuliza kama nimekunywa chai.

Afadhali angenitukana.

Mvua haikungoja hata adhuhuri. Rose akapiga simu: kabati halina fuwele, dagaa wamelowa, wa juzi wameanza kunuka. Alisema anamwonea huruma yule binti, kazi yote ile kuharibiwa na umeme. Wilhelmina akakata simu, akaniuliza kama umeme huo unavaa miwani.

Nikaivua yangu, nikaifuta kwa shati.

Jumapili, 10 Novemba
Nimejuta, na si kwa mdomo. Kanisani sikusikia neno la mahubiri. Nilikuwa natunga ya kumwambia: mwanangu, haukuwa umeme, nilikuwa mimi, nisamehe. Maneno mafupi, yanasimama yenyewe. Nikayaona mafupi mno kwa mtu wa umri wangu. Nikaongeza historia ya tanuri. Nikaongeza somo la joto. Nikaongeza yaliyompata mhadhiri mmoja zamani, ambaye naye alionewa. Jioni nikamsomea Wilhelmina. Akasema mwanzoni nilikuwa naomba radhi. Kufika mwisho, ni Bernadeta anayeniomba mimi.

Jumatatu, 11 Novemba
Nimeamka na jibu! Si joto. Pete tatu zilikuwa chache. Nne! Nimeshachora. Nasikia Bernadeta ameanza upya, tanuri amelitia kufuli, na trei yake inaingia tanurini wiki hii. Patakuwa na nafasi pembeni. Radhi nitamwomba nikiwa na fuwele mkononi. Itakuwa na uzito zaidi.

Leo, kabla ya chai: kamwombe Bernadeta ufunguo wa tanuri.