Malalamiko, Bonyeza Tatu

Sauti Saba alisoma kibao, "Magodoro ya Kimataifa", akachungulia ndani. Akamwona Mama Magodoro peke yake, akishona foronya. Akamshukuru Mungu asiyemtupa mja wake.

"Shikamoo mama. Kampuni kubwa hivi, nani anapokea simu?"

"Marahaba. Mimi."

"Na mhasibu?"

"Mimi. Mfagiaji pia ni mimi. Unauza nini, mwanangu?"

Alikuwa anauza wafanyakazi wa hewa. Mteja akipiga, sauti nyororo ingemkaribisha: mauzo bonyeza moja, uhasibu mbili. Angedhani ni ghorofa zima, kumbe ni mama na sindano yake.

"Mtambo wa mamilioni huu," alisema, kwa huzuni ya mtu anayegawa urithi.

Mtambo hakuwa nao. Kulikuwa na huduma ya mtandaoni ya bei ya karanga: unaandika maagizo machache kwenye ukurasa, simu ikiingia huduma inayasoma na kutii. Salimia. Subiri kitufe. Piga namba fulani.

Mama alikuwa anawania zabuni ya magodoro ya mabweni, macho yakamng'aa. Mkoba haukufunguka. "Sinunui nisichokijua. Nionyeshe."

Sauti Saba alipenda sifa kuliko chakula. Akafungua kompyuta, akarekodi makaribisho kwa sauti yake tamu kuliko zote.

"Kumbe ni rahisi hivi? Una akili wewe."

Akaonyesha zaidi, hadi pa kujiandikisha, akajaza namba ya duka kama majaribio. "Hapa kwenye malalamiko, kwa mfano, tunaweka namba yangu."

"Weka, baba, weka. Nitafikiria."

Wiki iliyofuata alirudi kuvuna. Akaanza kwa kinyozi wa jirani.

"Umechelewa, kaka," kinyozi alisema bila kuinua mkasi. "Mama Magodoro ametuunganisha mtaa mzima. Kwa bei ya karanga."

Akatoka nje, akapiga dukani kwa mama. Sauti yake mwenyewe ikamkaribisha, tamu kama asali. Malalamiko, bonyeza tatu. Akabonyeza nusura avunje kioo.

Simu yake ya pili ikalia mfukoni.

Akazikata zote mbili. Ile ya pili ikalia tena. Kuizima hakuthubutu: ndiyo namba aliyowagawia mawindo wake wote mjini, na huenda huyu ni mmoja wao. Akasafisha koo, akapokea kwa sauti nyororo.

"Haloo? Ni malalamiko hapo? Godoro lenu limebonyea katikati."

Akatazama ng'ambo ya barabara. Mama alikuwa mlangoni na foronya yake, akimpungia mkono.

"Pole sana, dada," alisema Sauti Saba. "Limebonyea upande gani?"