Uzito wa Kidole cha Bwana Suleiman

Msambweni, Jumatatu, 6 Agosti 1956

Bwana Suleiman ameniletea bunduki yake ya mitutu miwili. Kaniletea mimi, hakumpelekea Kavumbi anayejidai kuzijua bunduki. Hilo liandikwe kwanza.

Ina triga mbili: ya mbele kwa mtutu wa kulia, ya nyuma kwa wa kushoto. Ya nyuma ni ngumu. Mwezi uliopita tembo aliingia katika mahindi yake kule Bongwe. Risasi ya kwanza ikaenda zake. Ya pili akaivuta mpaka kilemba kikamshukia machoni, haikutoka. Tembo akamaliza safu yake ndipo akaondoka.

Nikiitengeneza ikawa sawa, chumba chake cha barabarani ni changu. Miaka tisa natengeneza baiskeli na cherehani chini ya upenu unaovuja. Nikamwambia bunduki nazijua. Sizijui. Lakini nimeifungua: ni jino tu limenasa kwenye pengo. Cherehani ina mambo mazito kuliko haya.

Swali ni moja. Triga iwe nyepesi kiasi gani? Limenitoa hamu ya chakula.

Jumanne, 7 Agosti

Kavumbi kaja bila kuitwa. Alikuwa askari wa keya, jeshi la Mwingereza, akafika vitani Burma, na kila siku Burma yafika kwetu. Akakalia benchi langu akasema: uzito wa pauni tatu na nusu ya mbele, nne na nusu ya nyuma, na hiyo ya nyuma isipungue hata kidogo, maana bunduki ikipiga teke kidole huteleza kikaigusa.

Nikamwuliza kama alizipima mwenyewe. Akasema aliambiwa na sajini. Kumbe habari za kuambiwa.

Na hesabu yenyewe imepinda. Mkwezi akishuka mnazi wa kwanza amechoka. Wa pili mpe mfupi. Kidole nacho kikishavuta triga ya kwanza kimechoka. Basi ya pili ndiyo iwe nyepesi. Nimewaza kutwa nzima, sioni kosa.

Alhamisi, 9 Agosti

Mwenye duka kaninyima mizani. Asema mara ya mwisho niliirudisha vipande vipande. Nilitaka kuona ndani tu.

Nikaibana bunduki, tupu, nikatundika kikapu kwenye triga. Mke wangu Mwanapili akamimina mchele, kibaba baada ya kibaba. Kibaba ni pauni moja na nusu, hilo lajulikana. Triga ya nyuma ilishika mpaka kibaba cha tano. Pauni saba na nusu. Hiyo si ya kidole, ni ya punda.

Ndipo nikajiuliza, kidole chenyewe chavuta ngapi? Nikahamishia kikapu kwenye vidole vya watu. Walijaa uani. Chirau, mkwezi, alishikilia vibaba vinane kwa kidole kimoja huku akimsengenya shemeji yake. Mshona kanzu vitatu. Mwanapili saba, kisha akauliza sisi tutakula nini mchana. Mwisho Bwana Suleiman mwenyewe, na pete yake ya fedha. Kibaba cha pili kikamtetemesha. Akasema ni baridi. Baridi, Msambweni hii ya joto!

Nikapiga tupa. Mbele vibaba viwili, nyuma kimoja. Kavumbi akaijaribu ya nyuma, akanitazama kwa huruma.

“Fundi, hii yafyatuka ukiitazama. Umemtengenezea mwenzio mtego wa panya.”

Wivu.

Jumamosi, 11 Agosti

Alfajiri tembo alirudi Bongwe, nasi tukaenda sote. Bwana Suleiman akalenga vizuri sana, akavuta ya mbele. Mitutu yote miwili ikalia pamoja.

Bwana Suleiman akaketi katikati ya mahindi. Kilemba kiliokotwa na mtu mwingine. Tembo akatutazama, akaenda zake polepole, mzima.

Bwana akauliza, kwa sauti ndogo ya adabu, ni nani hasa aliyeigusa bunduki hii. Kavumbi akajibu, “Mtu wa hesabu.”

Bega la Bwana limeteguka. Bunduki kapewa Kavumbi. Na ufunguo wa chumba.

Jumapili, 12 Agosti

Nimelipata kosa. Mwanapili alikuwa akipima mfuto! Kila kibaba akikifuta juu kwa kiganja. Kibaba cha pauni moja na nusu ni kile cha tele, kilichorundikwa. Robo nzima imepotea kila mara. Nikamwuliza kwa nini.

“Tele ni ya jirani na mgeni, Baba Esha. Hiyo bunduki ni mgeni wako wewe.”

Basi fikra yangu ilikuwa safi. Ni mchele uliopungua.

Kavumbi kaitengeneza kwa zile namba za sajini. Wasema mitutu sasa yalia mmoja mmoja. Bahati.

Jumatatu, 13 Agosti

Nimekwenda kumpa pole Bwana Suleiman. Yuko kibarazani, mkono wa kulia umefungwa kifuani. Asema tembo akirudi atapiga kwa kushoto.

Kushoto! Hicho hatujakipima. Nikamwomba anipe kidole. Akanipa, nadhani ili niondoke. Nilikuwa na kikapu na kibaba kimoja cha mchele, cha tele, nimekirundika mwenyewe. Kidole kikalegea papo hapo.

Nimerudi mbio kuandika kabla sijasahau. Kidole kile kikishavuta ya mbele hakibaki na kitu. Ile triga yangu ya nyuma ilikuwa bado nzito.